Video ya sketi yamtoa jasho fundi wa akina mama Kangemi

Soko la Kangemi ndiyo kwanza linafunguka, na Mercyline Obuya anapuliza makaa ndani ya pasi yake. Juu ya cherehani, kwenye kamba, zimening'inia nguo za kijani zenye kola nyeupe, sare za akina mama wa kanisa. Anashika moja, anaigeuza ndani nje, anavuta mshono kwa nguvu, kisha anaguna kwa kuridhika.

"Hizi zinavaliwa kesho," anasema. "Na kuna siku nilidhani zitavaliwa zikiwa zimeshonwa na mwingine."

Kijana wa mkokoteni anapita akiimba kwa sauti yote wimbo wa video iliyomfanya fundi huyu ajulikane: "Mama anasema shusha, moyo unasema pandisha, fundi anasema lipa kwanza!"

"Enda huko!" Mercyline anamrushia kipande cha kitambaa. "Wewe mwenyewe hujalipa ya Krismasi!"

Umaarufu huo hakuutafuta. Alikuja Nairobi kutoka Vihiga akiwa bibi arusi, akajifunza kushona kwa shangazi yake, na tangu hapo mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani. Mumewe, Zadock, ni mlinzi wa jengo la ofisi Hurlingham. Mshahara wa Zadock unalipa nyumba. Cherehani inalisha na kusomesha.

Kupunguza sketi ni shilingi mia moja na hamsini. Kuirudisha ilivyokuwa ni bei hiyo hiyo. Hapo ndipo kisa chenyewe kilipo, maana kwa miaka mingi Mercyline alikuwa akila meza zote mbili.

"Jumatatu msichana anakuja na sketi ya shule: 'Fundi, nibanie, na usimwambie mathee.' Ijumaa mama yake anaileta: 'Mama Emmah, sijui hii nguo imeingia maji gani, niongezee.' Sketi ni ile ile! Mimi nikinyamaza. Mdomo wa fundi una pini."

Siri hiyo ilikuwa salama hadi binti yake Emmah, aliye kidato cha nne, alipoigeuza kuwa wimbo. Clifford, jirani anayepiga picha za harusi, akashika kamera. Mercyline akaombwa aigize fundi. Alidhani ni kichekesho cha kuonyeshwa vijana wa kanisa tu, akakubali, tena akajipaka wanja.

Katika video hiyo, baba aliyefunga mshipi karibu na kifua anamkimbiza mwanawe katikati ya jiji kwa sababu ya suruali iliyombana kama soksi. Msichana anatoka nyumbani na gauni linalofagia barabara. Akivuka geti tu, gauni limefika magotini. Mwishowe mama na binti wanakutana kwa fundi, kila mmoja ameshika upande wake wa sketi moja, wanavutana. Na fundi, katikati yao, amenyoosha mkono alipwe.

Zadock ndiye aliyepata habari kwanza, kazini.

"Walinzi wenzangu walikuwa wamezunguka simu wakicheka mpaka kofia zinaanguka," anasimulia. "Mmoja akaniambia, 'Zadock, si huyu ni bibi yako?' Nikatazama. Nikaona kibanda changu, pasi yangu, bibi yangu."

Watu maelfu walikuwa wameshaitazama. Mercyline hakucheka. Siku hiyo hiyo alipata ujumbe wa Muthoni, mwenyekiti wa akina mama: "Mama Emmah, usikate kitambaa. Nakuja."

Kanisani mwao, kitambaa cha sare hununuliwa jora zima na kupewa fundi mmoja, ili mama mmoja asitokee na kijani cha majani na mwingine kijani cha chupa. Fundi akinyang'anywa jora, kila mtu anajua ameacha kuaminika. Na Muthoni ana binti, Shiru. Na sketi ya Shiru ilikuwa imepunguzwa kwa siri nyuma ya pazia la Mercyline.

"Sikungoja afike," anasema. "Nilikunja jora, nikalifunga kwa kamba, nikaliweka mlangoni lisinisumbue kulitoa."

Muthoni alifika amemshika Shiru mkono, na akina mama wawili nyuma yake. Hakusalimu. Aliweka sketi juu ya cherehani.

"Fumua."

Mercyline akafumua. Uzi ukatoka, na kitambaa kikaanza kuteremka kutoka ndani ya pindo na mishono, kikateremka, hadi sketi ikarudi jinsi ilivyonunuliwa. Muthoni akampimia binti yake kiunoni. Ikamfika chini kabisa ya magoti.

"Kwa hivyo hukukata?"

"Mama Shiru, sijawahi kukata nguo ya mtoto wa watu. Nakunja tu. Najua itarudi."

Mmoja wa wale akina mama akashindwa kujizuia, akamgeukia Muthoni: "Na huyo baba wa mshipi kifuani, si ni mzee wako kabisa!" Muthoni akashika cherehani asianguke kwa kicheko. Shiru akajaribu kucheka pia. Mama yake akamtupia jicho, akaacha.

"Jora libaki," Muthoni akasema. "Lakini kuanzia leo, chaki isiguse nguo ya mtoto kabla mzazi hajasimama hapa. Ukirudia, nitakuvua hiyo sare yako ya kijani mimi mwenyewe."

Mercyline anasema alikaa pale pale juu ya jora.

Sasa Jumamosi kibanda hujaa. Wazazi na watoto wanasimama mbele ya kioo wakizozana, na fundi anangoja na chaki mkononi. Hata Mwaura, shemasi, aliyeikemea video hiyo hadharani, amepita na suruali zake mwenyewe. "Punguza kidogo," alinong'ona. "Kidogo tu. Nisifanane na yule baba wa video."

Leo ni zamu ya Muthoni na Shiru.

"Hapa," anasema mama, akigusa chini ya goti.

"Mathee! Hapo ni kwa shosho na wazee wenzake!" Shiru analalamika, akigusa juu ya goti.

"Na hapo kwako ni kwa nani?"

Kidole kinapanda, kidole kinashuka. Vinapokutana, Mercyline anapiga chaki upesi, kabla yeyote hajabadili nia.

Mpango wake sasa ni kununua kioo kipana. Hiki kinaonyesha mtu mmoja, na kila siku wanasukumana nani akae mbele.

"Nataka kile cha kutosha wawili," anasema, akichukua pasi. "Waonane."