Nilivyochaguliwa jaji wa Waswahili wa Joburg, na walivyoniambia niende zangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, hasa mnaosoma huu uzi kazini mkijifanya mnajibu email.

Ninayoleta hapa ni kweli tupu. Waliokuwepo ukumbini wamo humu, nikiongopa watanisuta wenyewe. Majina nimebadili, maana bado nanunua mkate kwenye spaza zao, hivi viduka vya mtaani.

Mimi ni fundi friji, naishi Turffontein miaka mingi sasa. Kwetu Kigoma. Mama yangu ni Mkongo wa Uvira, na Kiha changu Mrundi anakisikia bila shida. Shikeni hapo, kwa sababu ndicho kilichoniponza.

Waswahili wa huku tuna umoja wetu: Wabongo, Wakenya, Wakongo, Warundi. Kazi yake kubwa ni kusafirisha maiti kwenda nyumbani. Kazi ya pili ni kugombana.

Na kwa kuwa hakuna anayetaka kupeleka ugomvi polisi, ambako swali la kwanza ni makaratasi yako, tuna jaji wetu wenyewe. Akishaamua, imeisha. Ukikaidi hakuna atakayekupiga, ila siku ukifa mtajuana wewe na mochwari.

Zamani jaji alikuwa mzee yeyote mwenye mvi. Ndipo akaja Karanja, Mkenya, mhasibu wa Midrand, mtu wa tai hadi Jumapili. Aliwahi kuishi Marekani, akatueleza kwamba kule kuna majimbo ambayo majaji wanapigiwa kura kama wabunge. Tena muhula ukiisha, wananchi wanaulizwa swali moja tu: abaki au aende? Hakuna mpinzani. Unapimwa wewe mwenyewe na kazi yako.

Hapa Sauzi majaji wanahojiwa na tume, kisha wanateuliwa. Kwetu Bongo nako ni kuteuliwa. Kwa hiyo hili la kura lilitukolea sana, tukalichukua lote, nadhani kwa sababu wengi wetu huku hatujapiga kura ya chochote tangu tuvuke mpaka.

Sasa niambieni, kampeni ya ujaji inafanywaje? Mbunge ataahidi barabara. Jaji ataahidi nini? Mgombea mmoja alisimama akasema, "Mkinichagua, nyote mtashinda kesi zenu." Akapigiwa makofi na watu waliokuwa wameshitakiana wao kwa wao.

Mimi sikuahidi kitu. Wakongo waliona mtoto wa dada yao. Warundi wakasikia Kiha. Wabongo nilikuwa wao tayari. Wakenya waligawanyika wenyewe kwa wenyewe, na msinikasirikie, mnajijua.

Mpiga debe wangu mkuu alikuwa Chande, Mtanga, muuza kanzu na manukato Fordsburg, mwenye ukoo unaojaza nusu ya ukumbi. Nikapita.

Miezi ya kwanza nilijiona mtu. Hata mke wangu akawa ananiita mheshimiwa, hasa anaponiagiza nikatoe takataka.

Halafu nikaigundua hesabu mbaya ya kazi hii. Ukiamua kesi, aliyeshindwa anakuchukia yeye na shemeji zake hadi kiama. Aliyeshinda anasema haki ilikuwa yake toka zamani, kwa hiyo hana cha kukushukuru. Kila kesi unapoteza tu.

Dawa niliyoiona ni moja: usiamue. Nikawa bingwa wa kuahirisha. Umeme umekatika, tuahirishe. Shahidi ana mafua, tuahirishe. Watu wakanisifu kwamba nina busara, siendi kwa pupa.

Ndipo ikaja kesi ya Dafroza.

Dafroza ni Mrundi, mjane, fundi cherehani. Yeye na Chande wanagawana kibanda kimoja kwenye jengo la maduka pale Fordsburg. Dafroza ndiye aliyetangulia, cherehani yake mlangoni, penye mwanga na wapita njia. Chande alipokuja walikubaliana mbele ya watu kwamba yeye atakaa nyuma.

Dafroza akaenda Bujumbura kumzika mama yake. Kurudi, anakuta kanzu za Chande zinaning'inia mlangoni na cherehani imesukumwa nyuma kabisa, kando ya choo, ambako hata mchana unahitaji taa.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Mwenye cherehani yeyote Fordsburg anajua kwamba nguo za Idi ndizo zinazobeba mwaka mzima. Mteja akipita hamwoni Dafroza, anaingia kwa fundi wa jirani.

Mashahidi walikuwepo. Chande mwenyewe hakukana, alisema tu kwamba biashara ni nafasi. Ilikuwa kesi ya kuamuliwa kabla kikombe kimoja cha chai hakijapoa.

Lakini kura yangu ya abaki au aende ilipangwa baada ya Idi. Chande akanivuta pembeni, taratibu kabisa, mkono begani.

"Kaka, mimi sikuombi kitu. Nakukumbusha tu, watu wa Tanga hatusahau."

Nikaahirisha. Dafroza akarudi, nikaahirisha tena. Mara ya tatu nikasema nina friji la mteja Midrand, na kweli lilikuwepo, ila lingeweza kusubiri. Kila mara alijibu "sawa, jaji", akachukua mkoba wake akaondoka. Mfungo ukaanza.

Mke wangu akaacha kuniita mheshimiwa. Akaniuliza, "Hivi wewe unamwogopa nani zaidi, Mungu au Chande?" Nikabeba takataka nikatoka nje, maana jibu nilikuwa nalo.

Kilichonivunja ni siku nilipoitwa kutengeneza friji la mgahawa kwenye jengo lile lile. Nikapita nyuma kuzima umeme, nikamkuta Dafroza anashona gizani, simu ameing'ata mdomoni, tochi imewaka. Akaitoa mdomoni ili anisalimie. "Karibu, jaji."

Wakuu, niliona aibu hadi nikasahau umeme niliokuja kuuzima.

Jumapili iliyofuata nikaamua: Dafroza arudi mlangoni, Chande arudi nyuma kama walivyokubaliana. Chande alitii siku ile ile, maana naye ana mpango wa kuzikwa Tanga. Ila alinitazama kama fundi anayepima sanda.

Nami nikajiona shujaa. Nikamwambia mke wangu, hata nikianguka nitakuwa nimeanguka na haki. Akasema, "Eish, kula daku ulale."

Siku ya kura ikafika. Karanja akaleta utaratibu wa mlolongo, wa kwao wa zamani. Hakuna karatasi, unakwenda kusimama upande wako na kila mtu anakuona. Abaki, dirishani. Aende, upande wa jikoni, ambako Chande alikuwa ameweka masufuria ya pilau. Alisema hakuwa na nia mbaya, ni suala la nafasi tu. Ile harufu peke yake ilikuwa na kura zake.

Watanga wakaelekea jikoni ukoo mzima. Wakongo na Warundi wengi wakaja dirishani. Mistari ikakaribiana hadi Karanja akalegeza tai.

Dafroza alikuwa bado katikati ya ukumbi. Nikamtabasamia, nikasogea kidogo kumpisha.

Akaenda jikoni.

Nilianguka kwa kura chache. Za Watanga nilishazitegemea, hazikunisumbua. Hiyo moja iliniuma hadi sikuweza kukaa. Nikamfuata nje. Hata sahani hakuwa nayo, kwa hiyo msiseme alifuata pilau.

"Dada Dafroza, si nilikupa haki yako?"

"Ulinipa mlango, jaji, na nashukuru. Ila ulinipa wakati watu walishapeleka nguo zao za Idi kwa mafundi wengine. Siku ya kwanza kabisa ulijua haki ni yangu, nilikuona ku macho. Ukaniacha kando ya choo juu ya kura zako. Leo wameniuliza kama ulifanya kazi muzuri. Nimejibu."

Akanipa mkono, akaenda kupanda taksi pale kwenye robot, taa za barabarani.

Nimekaa na hayo maneno wiki nzima kabla ya kuandika hapa. Nilianza na hasira, nikitaka kusema kura ya majaji ni upuuzi mtupu. Siwezi tena. Kura ndiyo iliyonitia woga, na kura hiyo hiyo ndiyo iliyompa Dafroza nafasi ya kuniambia ukweli. Ningekuwa jaji wa kuteuliwa, yeye angebaki kusema "sawa, jaji".

Nililojifunza ni hili: jaji akianza kuhesabu watu, anayelipa ni yule mwenye haki aliyekaa benchi akisubiri. Na akiamua vizuri kwa kuchelewa, asitegemee kushukuriwa.

Uchaguzi mwingine ni mwezi ujao. Chande anagombea, na anaahidi kuamua kesi haraka. Dafroza naye anagombea. Mpiga debe wake ni mke wangu, na mimi nimeagizwa kubeba viti.

Wanasheria na wasio wanasheria, karibuni mchangie. Jaji apigiwe kura au ateuliwe? Na mngekuwa ukumbini siku ile, mkijua niliyowasimulia, nani kati yenu angekuja kusimama nami dirishani?