Vidonge Kumi na Vinne Katika Pindo la Kanga

Nyumba waliyotuachia wazazi wetu iko Keza, juu ya mteremko wa migomba, mahali ambapo pikipiki huachwa chini na mtu humalizia safari kwa miguu. Katika miaka ninayoikumbuka hapa, aliishi humo dada yangu mkubwa pamoja na mtoto wa kaka yetu, ambaye alibaki yatima kabla hajaanza shule na dada akamlea. Mimi nilikuwa Biharamulo, nikifundisha somo la dawa katika chuo cha uuguzi. Sehemu niliyopewa kila mwaka ilikuwa ile ya dawa zinazogusa mfumo mkuu wa fahamu, yaani ubongo na uti wa mgongo: dawa za usingizi, za maumivu makali, za kifafa. Niliipenda sehemu hiyo kuliko zote. Nilijua pia, ingawa sikuwaambia wanafunzi, kwa nini niliipenda.

Dada alikuwa na kifafa tangu utotoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu lililoanzia kiwikoni hadi kwenye vidole, kwa sababu siku moja alianguka kwenye mafiga. Kovu hilo sikuwahi kumsikia akililalamikia. Alichokilalamikia kilikuwa kikombe. Watu wa kwetu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza, kwa hiyo mama alimtengea kikombe cha bati chenye masikio mawili, kikaning'inizwa peke yake kwenye msumari. Katika sherehe, kibuyu cha pombe ya ndizi kilipopita mkono kwa mkono na mrija wake, hakuna aliyemfukuza dada. Kibuyu kilimruka tu, kikaenda kwa aliyeketi baada yake.

Nilipomaliza masomo nilimpeleka kliniki, akaandikiwa fenobarbitoni, kidonge kimoja kila jioni. Vidonge alivihifadhi katika kopo la majani ya chai juu ya kabati. Miaka sita ilipita bila kuanguka hata mara moja. Kikombe kilitolewa kwenye msumari, na nadhani ni yeye mwenyewe aliyekitoa. Hata hivyo hakuwahi kunywa pombe, na kibuyu kiliendelea kumruka, sasa kwa mazoea zaidi kuliko kwa hofu.

Hali ilikuwa hiyo mtoto wetu, yule wa kaka, alipochumbia Bugarama.

Kwetu, anayepeleka pombe kwa wakwe huionja kwanza mbele ya macho yao, kwa mrija uleule watakaoutumia, ili kila mmoja ajue kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Kazi hiyo ni ya baba wa kijana. Baba hakuwapo, na wengi walitarajia kwamba ingeniangukia mimi. Wazee wa ukoo wakaamua vinginevyo: aliyemlea kijana ndiye mwenye pombe. Dada, ambaye kibuyu kilimruka maisha yake yote, ndiye angekuwa wa kwanza kukitia mdomoni, na wakwe wangenywa baada yake.

Alinipigia simu wiki tatu kabla ya siku yenyewe.

"Mdogo wangu, wamenipa kibuyu," alisema. "Sasa hii dawa yangu na pombe, vipi?"

Nilimjibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani. Nilimwambia kwamba kidonge chake huutuliza ubongo, na pombe nayo huutuliza. Vikikutana, usingizi huwa mzito kupita kiasi na pumzi inaweza kupungua mpaka ikakoma. "Usivichanganye kamwe," nilisema.

"Sitachanganya. Na kidonge kinakaa mwilini siku ngapi?"

Swali hilo lilinifurahisha. Ni swali ambalo wanafunzi wa mwaka wa pili hulikwepa. Nilimweleza kwamba dawa hii huondoka taratibu sana, na kwamba huchukua kama wiki mbili, au zaidi kidogo, kwisha.

"Umeuliza kama muuguzi," nikamwambia.

"Basi niandikie cheti," alisema, akacheka. "Nimeelewa, mwalimu."

Sikumwuliza alichoelewa. Nilikuwa nikisahihisha mitihani.

Siku ya sherehe nilifika Bugarama nikitokea Biharamulo, nikawakuta wenzangu wameshapangwa kwenye viti uani kwa wakwe. Dada alikuwa amejifunga kanga mpya juu ya gauni la kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na nikaona mambo matatu ambayo nitayaandika kwa mpangilio ambao niliyaona. Macho yake yalikuwa yamechangamka kuliko kawaida. Vidole vyake vilitetemeka kidogo juu ya magoti. Akaniambia kwamba siku nne hizo hajalala vizuri. Mtu aliyefundisha nilichofundisha mimi angepaswa kuyasoma mambo hayo matatu kama sentensi moja. Mimi niliyasoma kuwa ni furaha.

Kibuyu kilipoletwa katikati, msemaji wa wakwe, mzee mwenye koti kubwa kuliko mwili wake, alianza utani.

"Wageni, mbona mwenye pombe anaitazama kama haijui? Au mmetuletea maji ya ndizi?"

"Ningekuwa na nia mbaya, baba, ningekuletea soda," dada alimjibu. "Sukari yake ingekumaliza taratibu, na mimi nisijulikane."

Ua mzima ulicheka. Mzee akamwambia, "Haya, onja, tukuone ukifa." Dada akainama, akavuta mrija, akameza, akangoja kidogo kama desturi inavyotaka, kisha akampitishia mzee kibuyu kwa mikono miwili. Mzee hakufuta mrija. Alikunywa palepale. Nilimwona dada akimtazama mzee huyo akinywa, na sijawahi kuuona uso wake vile, kabla ya hapo wala baadaye.

Kuhusu mvuto ule mmoja nilijiambia kwamba amevunja sharti langu kidogo, na kwamba haidhuru. Katika hilo sikukosea. Mvuto mmoja wa pombe ya ndizi juu ya kidonge kimoja haungemdhuru kwa namna ya kutajwa. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa kwenye simu: meza kidonge chako kama kawaida, na ukionja, onja kidogo.

Kesho yake mchana, tukiwa Keza tunaosha vyombo vya kuazima, alianguka. Nilimgeuza ubavu, nikaweka kanga chini ya kichwa, nikatazama saa. Degedege lilikoma baada ya dakika tatu. Kabla hajafumbua macho likaanza la pili. Wakati la tatu linaanza tulikuwa tumeshamteremsha hadi kwenye pikipiki, yeye katikati ya dereva na mtoto wetu, mimi nikifuata kwa pikipiki nyingine.

Katika kituo cha afya muuguzi wa zamu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa ameshapata mshipa na kumpa diazepamu ya kukata degedege kabla sijamaliza kuingia mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Ameacha dawa tangu lini?"

"Hajaacha."

Hakuniangalia. "Mwalimu, ulitukataza kumwuliza mgonjwa kama anameza. Ulisema tuulize kidonge cha mwisho amemeza lini."

Mtoto wetu ndiye aliyejibu. "Jana jioni, baba mdogo. Nilimwona. Alisema pombe imeshapita, sasa anarudi kwenye dawa zake."

Muuguzi alipomfungua dada kanga ili amsikilize kifua, alikuta fundo katika pindo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vyeupe kumi na vinne. Kila jioni, kwa wiki mbili, alikuwa amekitoa kidonge kwenye kopo kama kawaida, na badala ya kukimeza akakifunga humo. Hakukitupa hata kimoja. Nilikuwa nimemwambia asichanganye, na hakuchanganya. Nilikuwa nimemwambia siku, na alizihesabu.

Ubongo hufanya kazi kwa kusisimua na kuzuia. Dawa ile huupa nguvu upande wa kuzuia. Ubongo ukikaa na msaada huo kwa miaka, hulegeza breki zake wenyewe, na msaada ukiondolewa ghafla hakuna cha kuushika, wala kidonge kimoja cha kurudia hakitoshi. Ndiyo sababu dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, na kwa idhini ya daktari. Haya yote niliyafundisha kila mwaka, kwa mchoro, na wanafunzi waliyanakili. Kwa dada nilisema nusu, na nusu hiyo ilikuwa sahihi.

Alihamishiwa hospitali jioni ileile. Degedege lilitulizwa, lakini hakuzinduka.

Alifariki siku ya tatu, saa nne asubuhi. Tulimzika Keza, kando ya mama. Mzee mwenye koti kubwa alikuja na watu wake kutoka Bugarama, akakaa nasi hadi mwisho wa matanga. Ndoa ilifungwa baadaye, bila ngoma. Vidonge kumi na vinne nilivirudisha kwenye dirisha la dawa la kliniki yake, vikapokelewa.