Sheria ya Tumbo la Bi Venera

Bi Venera Scuderi nimemjua zaidi kwa kisogo kuliko kwa uso. Mwavuli wake uko safu ya kwanza, mawimbi yanamlamba vidole. Wangu uko safu ya pili, na kila kiangazi tangu niolewe huku Sisilia nimeitazama bahari kwa kupenya pembeni mwa nywele zake. Safu ya kwanza kwenye lido yetu, ufuko wa kukodi miavuli, hainunuliwi. Unazaliwa nayo au unaolewa nayo, na yeye aliirithi kwa mama mkwe wake.

Mwaka mzima Bi Venera ni mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke mpole anayeongea na pini mdomoni. Ikifika Agosti anatema pini na kuwa jemadari. Sheria yake kuu ni ile tuliyoinyonya wote pamoja na maziwa: ukishakula, huingii baharini mpaka masaa matatu yapite, la sivyo tumbo litakukaza uzame kama jiwe. Wala halindi wajukuu wake peke yao. Aliwahi kumtoa majini padri aliyeonekana akila tikiti. Padri alijitetea kwamba tikiti ni maji matupu, naye akamkumbusha kwamba hata gharika ya Nuhu ilikuwa maji matupu.

Kisha lido ikanunuliwa na Mdenmaki mmoja, Bwana Henning, akabandika tangazo langoni: chakula cha kupikwa nyumbani marufuku, kila mtu anunue pale kaunta. Atakayekamatwa atapoteza nafasi ya mwavuli wake. Kazi ya kukamata alipewa meneja wake, Alfio, kijana wa hapahapa Sisilia. Tulinung'unika wiki nzima, halafu tukanunua wali wao wa baridi wenye njegere.

Lakini ilikuwa inakuja Ferragosto, sikukuu ya katikati ya Agosti, na Ferragosto bila makaroni ya kuoka si sikukuu, ni adhabu. Tena Bi Venera alikuwa na lake moyoni. Binti yake Nella anaishi Torino na huja na watoto wakati huo tu. Mkwewe, Ivano, alikuwa haishi kuimba habari za likizo ya milimani. Nafasi ile ikipotea, Ivano angeshinda, na bibi angebaki kuwaona wajukuu kwenye simu. Nilimwambia kwamba kwa hali hiyo, mtu mwenye akili angekula wali na kunyamaza.

"Nikimlisha Nella wali wa kaunta siku ya Ferragosto," akaniambia, "atakuwa amekuja hotelini. Hajaja kwa mama yake."

Asubuhi ya sikukuu kikaingia kigari cha mtoto mchanga, kimefunikwa chandarua cha lesi kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi fulani. Nella alikisukuma kwa uso wa mtu anayepelekwa kunyongwa. Sote tulijua hakuna aliyezaa, lakini tuliinama mmoja mmoja tukamsifia mtoto. Mmoja alisema kafanana na babu yake, mwingine kwamba ana afya. Mimi nilisema ananukia vizuri, nikafinywa.

Langoni Alfio alitoa pongezi na kupisha. Balaa ilikuja mchana, sahani zilipoanza kupita chini ya mataulo. Biringani za kukaanga na jibini vikishaungua pamoja, havina siri. Alfio alikuja akiongozwa na pua, akasimama mbele ya kigari na kufunua chandarua.

"Bi Venera, hiki nini?"

"Mjukuu wangu. Ameiva kidogo."

Hakucheka. Alisema sheria ni sheria, itabidi amwambie Bwana Henning. Ivano alianza kukunja mataulo kwa haraka ambayo sikuipenda hata chembe. Mimi niliye nyuma niliona shingo ya Bi Venera ikigeuka nyekundu, nikajua ameogopa, na nikaogopa naye.

"Sawa, tufukuze," akasema taratibu. "Ila kula kwanza. Mtu hafukuzi wenzake na tumbo tupu, mwanangu."

Wahenga walisema adui yako muombee njaa. Alfio alikuwa wima tangu alfajiri, na mama yake yuko mbali, kule Enna. Alisema ataonja tu. Alionja sahani mbili, akapangusa trei kwa mkate, halafu, mchuzi ukiwa bado kidevuni, akakumbuka cheo chake na kutangaza kwamba atatoa taarifa baada ya mashindano.

Mashindano hayo ni ya kuogelea hadi kwenye boya, na mwaka ule Bwana Henning alitaka meneja wake aongoze. Saa tisa alipuliza filimbi mwenyewe. Wageni wakajitosa. Alfio alitembea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo, akaganda. Alitazama bahari, akatazama tumbo lake. Malezi yote ya mama yake yalimshika miguu.

Bwana Henning akauliza kulikoni. Ndipo Bi Venera akaita kutoka kitini kwake.

"Alfio, umekula saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Bi Venera."

"Basi toka majini."

Akatoka. Safu tatu nzima tukamweleza mwenye lido kwa mkupuo, mikono tumboni. Alisema kwao Denmaki watu wanakula na kuogelea. Bi Venera akamuuliza kama ndiyo sababu wako wachache.

Lakini mzee yule hakuwa mjinga. Alimgeukia meneja wake na kumuuliza amekula wapi, maana kaunta hakuonekana. Nella alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mama yake.

"Nimekula nyumbani," Alfio akasema.

"Nyumbani wapi? Tangu asubuhi hujatoka langoni."

Alfio akanyoosha kidole kwenye mwavuli wa Bi Venera. "Pale."

Bwana Henning alikwenda, akainama, akaikuta kona iliyobaki kwenye trei. Nilidhani tumekwisha. Bi Venera hakujitetea, alimpa uma. Mzee akala amesimama, kisha akala amekaa, na jasho lilipomtoka akainuka aende kujipoza baharini. Akashikwa kifundo cha mkono.

"Masaa matatu," Bi Venera akasema.

Na alikaa, mwenye lido, tumbo mbele, huku Ivano akimfundisha karata na kusahau mataulo. Jioni, akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, alimuuliza Bi Venera kwa adabu kama mwakani anaweza kupata nafasi safu ya kwanza.

Bi Venera alimtazama kwa huruma ya kweli, akamwambia zimejaa.