Nilipika Mbegu za Mama Mkwe

Kosa ni langu mwenyewe, jamani, simsingizii shetani. Shetani hakuninunulia chupa ya chuma.

Niliinunua mwenyewe hapa Songea mjini, ya bluu, inayotunza ubaridi kutwa nzima. Nikaapa sinunui tena maji ya chupa za plastiki. Hadi hapo nilikuwa sawa. Ubaya ulikuwa mdomo wangu. Jumuiyani au ofisini wakigawa maji ya chupa, mimi nakataa kwa sauti ili wote wasikie, kisha natoa chupa yangu nakunywa taratibu. Ofisini wakaanza kunikwepa. Nikadhani wananionea wivu!

Mama mkwe wangu ni mkulima, anaishi Msamala. Mvua zikiwa zimekaribia, alikwenda kuzika kijijini kwao, akaomba mimi na mume wangu tumlindie nyumba siku mbili. Kiherehere kikanipeleka chumbani kwake kufagia. Uvunguni nikakuta chupa za plastiki, nyingine tupu. Tatu zilijaa maharage madogo ya madoadoa, yamechanganywa na majivu, vizibo vimekazwa.

Nikaguna. Mama wa watu anahifadhi chakula kwenye takataka! Nikayamwaga yote kwenye beseni, nikayaosha, nikabandika sufuria kubwa kwa ajili ya wageni atakaorudi nao. Chupa nikampa mwokota plastiki aliyekuwa anapita na baiskeli. Kabla hajaondoka nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la ofisini: "Mama mkwe naye kaachana na plastiki."

Jioni alirudi na ndugu wanne. Baada ya shikamoo na pole za msiba, nikapakua ugali na maharage. Wakala, wakasifu. Mama alimega tonge, akaitazama sahani, akauliza kwa upole maharage nimeyatoa wapi. Nikamweleza kwa majivuno, na ubaya wa plastiki nikaufundisha palepale, chupa yangu nimeiinua juu. Mume wangu alikuwa ameshaacha kutafuna.

"Mwanangu, hizo ni mbegu," mama akasema. "Alinipa mama yangu nilipoolewa. Kila mwaka napanda, nikivuna narudisha nyingine kwenye chupa zilezile."

Akaendelea kula. Mimi nikaishusha chupa yangu.

Chupa zilezile, mnanisikia? Mimi mwenye chupa moja ya miezi miwili ndiye niliyejifanya mwalimu wa mwanamke huyo! Aibu hii sijui niiweke wapi.

Nilizunguka sokoni na kwa majirani, mbegu ile hakuna aliyenayo. Nikamnunulia za dukani, nikaenda kuzipanda mwenyewe shambani kwake, mgongo ukaniuma na nilistahili. Zimeota vizuri. Ila mama mkwe tukikutana huniambia, "Maharage yako yanaendelea vizuri." Hajawahi hata siku moja kusema ni yake.

Nyie wenye chupa mpya, kunyweni maji yenu mnyamaze. Na mkikuta chupa uvunguni kwa mtu, ulizeni kwanza kilichomo. Mimi sikuuliza, na urithi wa mama wa watu ukaishia kwenye sahani saba, moja ikiwa yangu.