Hodi Katika Mianzi

Wanaonijua watacheka: mimi, kusafiri? Mimi ambaye nikienda sokoni narudi mbio kuangalia kama kiti changu hakijachukuliwa? Chekeni tu. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, na dada yangu Furaha yuko hai, muulizeni.

Ilikuwa wakati wa vita. Furaha alikuwa Bunyakiri kwa mume wake, mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alimfia kule kwa kukosa muganga wa hospitali, na mama aliapa kwamba huyu atazaliwa kwetu Bukavu. Nani aende kumleta? Wote wakaniangalia. Nikatoa sababu zangu: mgongo, mvua, vita. Tonton Deo, ndugu ya mama, akacheka: "Wee mutoto wa nyumba, basi tutakubebea nyumba yako."

Alikuwa na gari ambalo watalii fulani walimuachia vita ilipoanza: kombi yenye kitanda nyuma, meza, mapazia na jiko dogo la gesi. Kumbe mtu anaweza kusafiri bila kutoka kwake! Nikavaa sandale zangu za nyumbani, nikapanda.

Kwenda ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Tulipita Miti, tukapanda msituni, mlima Kahuzi upande mmoja, na upande wa pili mabonde yamejaa ukungu kama maziwa kwenye bakuli. Nilifungua pazia, nikanywa chai, nikajiona waziri.

Kesho yake tukarudi, watatu. Karatasi ya safari, ile askari wanayosoma kwenye kila bariyeri ya barabarani, ilikuwa na majina matatu: la Tonton, langu, la Furaha.

Katikati ya mianzi ya msitu ule injini ikachemka. Tonton akashuka na bidon kutafuta maji. Furaha alikuwa amelala kitandani, mimi nakula kiazi mezani. Ukungu ulishuka mpaka sikuona tena barabara. Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa, polepole.

"Hodi."

Ningefanya nini? Kwetu hodi haiachwi bila jibu, ni aibu. Na nilikuwa na sandale miguuni na kiazi mkononi. Pale si ndipo palikuwa kwangu? Bila kuinua kichwa nikajibu, "Karibu, ingia."

Mlango ukafunguka. Ukafungwa. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu. Upepo, nikasema. Lakini wewe unayenisikiliza, umewahi kusikia upepo ukipiga hodi?

Tonton akarudi, nikahamia mbele, tukaendelea. Pale msitu unapoisha, askari akatusimamisha. Akasoma karatasi, akachungulia ndani.

"Muko bane. Karatasi iko na majina tatu."

"Tuko batatu, chef," Tonton akasema.

"Na ule muzee mwenye kukaa kwa miguu ya maman? Munanifanya kipofu?"

Tukageuka. Furaha peke yake. Lakini kwenye miguu yake godoro lilikuwa limebonyea, na blanketi limelowa.

"Mwenye hajaandikwa hapiti," askari akasema. "Mutalala hapa."

Furaha akaanza kulia, ameshika tumbo. Uchungu ulikuwa umeanza, na jua lilikuwa linaondoka. Mimi nikadhani askari amelewa. Na huu mdomo wangu, ambao mama alisema utaniua, ukafunguka: "Andika basi, chef. Jina: Mugeni. Kazi: kukaa. Adresse: kwangu, Nyalukemba, Bukavu."

Akaandika. Akapiga muhuri. Akateremsha kamba iliyofunga barabara, akasema kuelekea nyuma: "Safari njema, muzee."

Na huko nyuma, naapa, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha mtu aliyepata alichokuja kutafuta.

Tonton akaondoa gari mbio. Kwenye mteremko Furaha akaniita, sauti kama ya mtoto.

"Kaka, niachie miguu. Mikono yako iko baridi."

Mikono yangu miwili ilikuwa juu ya magoti yangu, kiti cha mbele. Tonton aliiona. Mtu huyu ambaye misa aliiona kwenye harusi tu akaanza Salamu Maria, na hakunyamaza mpaka Bukavu.

Mtoto alizaliwa usiku ule, mzima, akipiga kelele. Mimi nikarudi nyumbani kwa miguu nikiimba, nimesahau yote. Nikafungua mlango. Kiti changu kilikuwa kimebonyea, na maji yanadondoka chini, tone, tone.

Hakupiga hodi safari hii. Ya nini? Adresse yake iliandikwa na kupigwa muhuri.

Padri alikuja na maji ya baraka, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Kiti nilikichoma, kesho yake kingine kililowa. Yule mtoto wa Furaha sasa ananipita urefu, lakini akija kunisalimia anabaki mlangoni, anasema miguu inamuganda. Na mimi, mutu wa nyumba, ndiye ninayezurura sasa. Nakaa kwa majirani mpaka wanaanza kupiga miayo. Wananisifu: "Huyu amejifunza kutembea!" Naitikia, nacheka, halafu naomba chai nyingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukisikia hodi mahali pasipo na nyumba, kula kiazi chako. Waache wakuite mtu bila adabu. Na mtu ambaye hujauona uso wake, usimpe anwani yako hata kwa mzaha. Mimi nilimpa, na leo yeye ndiye anayekaa.