Kuku ameliwa, aliyefaulu ni mwingine

Leo nimemkuta jirani yangu, Baba Nyamisi, ameshachinja kuku kwa ajili ya matokeo ya kidato cha nne.

Kumbe kampongeza asiyestahili.

Binti yake Nyamisi alipata pointi 12, kaka yake pacha 30. Kuku akawa wa kaka. Nyamisi akaambiwa kesho aanze kuuza dagaa sokoni Mwigobero.

Nikamweleza baba yao taratibu: A ni pointi moja, F ni tano. Mwenye chache ndiye bora.

“Mwalimu, enzi zetu za foleni ya sabuni, pointi nyingi ndio ilikuwaga ushindi.”

“Hizo zilikuwa alama. Nyamisi anaenda kidato cha tano.”

Akamgeukia kijana. “Weka chini hilo paja.”

“Umebaki mfupa, baba.”

Nyamisi alikwenda uani kumkamata jogoo wa pongezi zake.

Nani mwingine hapa alishawahi kupongezwa kimakosa?