Siku Mbili za Bangkok

Jumamosi iliyopita, ndani ya basi la kwenda Evere, hapa Ubelgiji, nilikaa nyuma ya mke na mume kutoka Kivu, watu wazima, wakimwonyesha rafiki yao picha za Bangkok kwenye simu. Ilikuwa safari yao ya kwanza maishani ambamo hawakuwa wakikimbia kitu.

"Ona, siku ya kwanza," mke alisema, akimgusa mumewe begani. "Papa anapotea mu soko, anacheka tu!"

Siku ya pili walipanda mashua mtoni, wakala samaki wa pilipili, na mume akanunua kofia pana ya majani.

"Bon, na ya tatu, maman?" rafiki aliuliza.

Mke aliifunika simu kwa kiganja. Mume ndiye aliyejibu, macho yakiwa dirishani.

"Asubuhi ile dada yangu mudogo alipiga simu toka Bukavu. Akasema, 'Tunasikia masasi ya bunduki, tuko chini ya kitanda na batoto.' Alors, simu ikakatika."

Siku nane zilizobaki hawakutoka hotelini. Walipiga namba ile kwa zamu, huyu akisinzia, yule akipiga.

"Na sasa?" rafiki aliuliza.

"Ni mwezi wa ine toka siku ile," mume alisema. "Mwanzo simu yake ilikuwa inalia. Sasa hailie tena."

Wasomaji wangu wanajua kwamba sikosi utani juu ya watalii. Siku hiyo niliukosa. Watu hawa wana pasipoti ya Ubelgiji, inayowafikisha karibu popote duniani. Nilipokuwa nashuka, mume alikuwa ameichukua simu kwa mkewe, anapiga tena.